Jeep ya vita: Willys, Ford, au iliyokuja baadaye? Namna ya kuitambua hatua kwa hatua

Kila mwanzoni mwa Juni, Normandy kaskazini mwa Ufaransa hujaa magari ya jeshi ya zamani. Wenyewe huyaleta kukumbuka siku majeshi ya Washirika yalipotua ufukweni, tarehe 6 Juni 1944, na pale Sainte-Mère-Église utaona Jeep za kijani zimejipanga mtaa mzima. Ukiwa kando ya barabara utadhani zote ni gari moja. Sivyo kabisa, na kuzitofautisha ni kazi ninayoipenda kuliko hata kuzitengeneza.

Mimi ni fundi magari. Mwaka wa kwanza niliokwenda huko nilipiga picha Jeep moja nzuri mno na kuandika daftarini "Ford, 1944" kwa sababu ya rangi na maandishi ya kwenye bampa. Jioni mwenyewe, mzee mwenye subira, akanipa tochi na kuniambia nichungulie chini. Ilikuwa Hotchkiss ya Ufaransa, iliyoundwa zaidi ya miaka 10 baada ya vita kwisha. Tangu siku hiyo naanza na chuma; rangi naiangalia mwisho.

Kwanza, jua kwa nini zinafanana

Mwaka 1941 jeshi la Marekani lilichagua muundo wa kampuni ya Willys, lakini kiwanda kimoja kisingetosha. Ford nao wakapewa mkataba wa kuunda gari hilo hilo, kwa sharti kwamba kila spea iingie kwenye gari la mwenzake. Ya Willys huitwa MB. Ya Ford ni GPW: G ni ya serikali, P ni alama ya Ford kwa gari lenye inchi 80 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na W inatambua kwamba muundo ni wa Willys. Willys walitoa zaidi ya 360,000 na Ford karibu 280,000.

Shika hilo la spea kuingiliana. Karakana za jeshi zilikuwa zinachukua injini ya hii, bodi ya ile na chasisi ya ya tatu, gari linarudi kazini. Kwa hiyo Jeep nyingi ulizonazo mbele yako leo ni mchanganyiko, na kazi yako ni kusema kipi kimetoka wapi.

Pili, iangalie ukiwa umesimama

Hatua hii haichukui hata dakika moja, nayo inaondoa zile zisizo za vita. Hesabu matundu ya wima kwenye shoo ya mbele, ule uso wa bati unaokinga rejeta. Jeep ya vita ina 9, na taa zake zimezama ndani ya shoo. Ukihesabu 7 na taa kubwa zimetokeza nje, hiyo ni ya kiraia, CJ-2A ya kuanzia 1945 au ndugu zake. Taa zikiwa zimetokeza na zina vyuma vya kuzikinga, fikiria M38, Jeep ya jeshi ya baada ya vita, ya mwaka 1950 na kuendelea. Boneti iliyoinuka na madigadi ya mviringo ni M38A1. Matundu yakiwa ya kulala badala ya kusimama, hiyo ni M151, gari jingine kabisa.

Ukikuta shoo haikukatwa kwenye bati bali imeundwa kwa vyuma vilivyochomelewa kimoja kimoja, tulia hapo. Ni Willys takriban 25,000 za kwanza tu ndizo zilizotoka hivyo. Shoo ya bati la kukandamizwa ilibuniwa na Ford, ikawa nyepesi na rahisi kuunda, Willys nao wakaichukua.

Tatu, piga magoti

Hapa ndipo penye siri yote. Msalimie mwenye gari, omba ruhusa, na usiingie chini ya uvungu hata kidogo. Breki ya mkono ya magari haya si ya kuamini. Unachohitaji kinaonekana ukiwa mbele ya bampa na tochi.

Mulika chini ya shoo, chini kidogo ya rejeta. Kuna chuma kinachokatiza kutoka upande mmoja wa chasisi hadi mwingine. Kikiwa bomba la mviringo, chasisi ni ya Willys. Kikiwa chuma chenye pande tatu, kama mfereji uliofudikizwa, chasisi ni ya Ford. Ukishindwa kuona kwa sababu ya matope na grisi, omba upitishe mkono: bomba utalizunguka kwa vidole, mfereji utakukata kwa kingo zake. Tofauti hii haibadilishwi kwa brashi ya rangi, ndiyo maana naipa uzito kuliko nyingine zote.

Lakini bomba peke yake halitoshi, kwa sababu Hotchkiss M201 nayo ina bomba. Wafaransa waliiunda kwa leseni ya Willys hadi mwaka 1966. Tazama kama chasisi imeongezewa vyuma vya kuimarisha, halafu muulize mwenyewe umeme ni volti ngapi. Jeep ya vita kwa kawaida ilitumia volti 6. M201 nyingi ni za volti 24.

Nne, tafuta namba

Kwenye Willys, namba ipo kwenye kibati kilichofungwa upande wa ndani wa chasisi, kushoto mbele, nyuma ya bampa. Ford waligonga namba juu ya chuma chenyewe cha chasisi, kushoto, ikianza na herufi GPW. Mara nyingi imefunikwa na rangi za miaka 80. Usikwangue gari la mtu! Laza tochi pembeni ili mwanga upite juu ya chuma kwa ubapa. Vivuli vitaziinua tarakimu. Mwenyewe akikubali, sugua chaki taratibu kisha futa kwa kidole: unga hubaki kwenye mashimo ya namba.

Vibati vya dashibodi, kwenye mlango wa kisanduku cha mbele ya abiria, vina tarehe ya kukabidhiwa jeshini. Visome, ila vinauzwa vipya hadi leo. Thamani yake huja pale namba yake inapolingana na ya chasisi.

Tano, bolti

Ford walitia herufi F kwenye spea zao, hadi vichwa vya bolti. Kuiona F ndogo imejitokeza chini ya kutu kunanifurahisha kila mara. Bolti moja haithibitishi kitu, inafunguliwa kwa spana. Zikiwa nyingi, na ziko sehemu ambazo hakuna anayehangaika kuzigusa, unaanza kuamini. Jina la Ford au Willys lililogongwa nyuma ya bodi, upande wa kushoto, ni la magari ya mwanzo tu, maana jeshi lilikataza mwaka 1942. Likiwa kwenye gari la 1944, bodi imebadilishwa au ni mpya.

Mwisho, soma rangi

Maandishi ya bampa husomwa kutoka kushoto kwako: kikosi kikubwa kwanza, kisha kidogo. "29-116-I" ni Rejimenti ya 116 ya Divisheni ya 29 ya askari wa miguu, waliotua ufuko wa Omaha, Normandy. Namba ya usajili wa jeshi kwenye boneti ya Jeep huanza na 20. Wenye magari wengi huandika alama hizi kwa heshima ya kikosi fulani, pengine cha babu yao. Muulize kwa nini alikichagua. Nami husimulia kwamba askari wetu wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki), waliopelekwa Burma mwaka 1944, nao walizijua Jeep hizi.

Andika daftarini papo hapo, kila kitu kwenye mstari wake: chasisi, bodi, injini, namba, alama. Usiandike "Ford" tupu. Andika "chasisi ya Ford, bodi haijulikani, injini sijaiona," kisha mwaka ujao ukiikuta tena omba wakufungulie boneti.