Mbio za mabasi, Dar hadi Mwanza: mchezo wa tebo kwa darasa la watoto 80

Michezo mingi ya mashindano ya hisabati ina kasoro moja: anayejibu haraka ndiye anayeshinda. Mwalimu anauliza, mikono kumi inapaa, "Mimi Madamu! Mimi!", na kesho yake ni mikono ile ile. Waliobaki wanajifunza kwamba somo hili lina wenyewe. Huu ninaoueleza hapa ni mchezo wa mbio pia, na kelele zake utazisikia, ila gari linasukumwa na mambo mawili mengine: usahihi wa mtoto aliyeangukiwa na kura, na maendeleo ya kila mtu akipimwa kwa alama zake mwenyewe. Nimeupanga kwa Darasa la Nne na tebo ya kuzidisha. Hauhitaji kompyuta wala umeme.

Hatua ya 1: Jaribio kabla ya habari yoyote

Wiki moja kabla, toa maswali 10 ya kuzidisha, dakika tano, kila mtu na karatasi yake. Usitaje mchezo wala mashindano. Sahihisha, andika alama pembeni ya majina, funga daftari lako. Usiri huu una sababu yake, nitaifikia kwenye hatua ya 5.

Kwa alama hizo panga mabasi manane ya watoto kumi kumi. Anza na mwenye alama za juu: wa kwanza basi la 1, wa pili basi la 2, mpaka la 8, kisha rudi nyuma kutoka la 8 hadi la 1, na uendelee hivyo. Kila basi litapata wajuzi, wa kati na wanaosuasua kwa uwiano wa karibu sawa. Ukiwaacha wachague wenyewe utapata basi la marafiki wanaojua na basi la mabaki, na mbio zitakuwa zimekwisha kabla hazijaanza.

Ndani ya basi kila mtoto ana namba, 1 hadi 10. Jina la basi walichague wao. Jiandae kusikia majina makubwa.

Hatua ya 2: Njia

Unganisha karatasi za manila kwa urefu, zibandike ukutani mahali ambapo hata wa dawati la nyuma anaona. Chora barabara yenye visanduku 55. Dar es Salaam ni sifuri, na kila baada ya visanduku vitano andika kituo: Kibaha 5, Chalinze 10, Morogoro 15, Gairo 20, Dodoma 25, Manyoni 30, Singida 35, Igunga 40, Nzega 45, Shinyanga 50, Mwanza 55. Mabasi kateni kwenye maboksi ya dawa ya meno, rangi moja kwa kila basi, yashikwe kwa pini.

Weka vituo vitatu vya mizani kwa rangi nyekundu: Vigwaza kwenye kisanduku cha 8, Nala cha 26, na kimoja cha kubuni kwenye 42. Hivyo viwili vya kwanza ni mizani za kweli za barabara hiyo, na mtoto aliyewahi kusafiri ataanza kuwasimulia wenzake. Kama shule yako iko upande wa Mbeya, chora Chalinze, Morogoro, Iringa na Makambako. Hesabu haibadiliki.

Hatua ya 3: Maswali machache, yale yanayouma

Hapa walimu wengi wanapoteza muda. Tebo ya 1 hadi 10 ina majibu 100, lakini 3 mara 7 na 7 mara 3 ni kitu kimoja, kwa hiyo kazi halisi ni 55. Toa tebo za 1, 2, 5 na 10 ambazo watoto wengi wanazipata kwa kuhesabu kwa kuruka: zimebaki 21. Tebo ya 9 inafanyika kwa vidole. Nyosha vidole kumi, kwa 9 mara 4 kunja kidole cha nne kutoka kushoto. Kushoto kwake vimebaki 3, kulia 6, jibu ni 36. Ukiitoa hiyo nayo, zinabaki 15 tu: za 3, 4, 6, 7 na 8 zikizidishana zenyewe kwa zenyewe.

Ziandike hizo 15 kwenye vipande vya katoni. Hizo ndizo utakazozirudia karibu kila siku, 7 mara 8 ikirudi kuliko zote. Changanya na chache za tebo ya 9 na mafumbo mafupi ya maneno: "Basi lina safu 6 za viti, kila safu watu 4. Nauli zimekusanywa za watu wangapi?"

Hatua ya 4: Mzunguko mmoja

Fanyeni hivi, na msiruke kitu:

1. Andika swali ubaoni. Mabasi yote yanajibu swali hilo hilo.
2. Toa dakika moja ya kunong'onezana. Kazi ya basi ni kuhakikisha watu wote kumi wanajua jibu na wanajua limepatikanaje.
3. Sema "Kimya!" Chomoa namba kwenye kopo. Ikitoka 6, mwenye namba 6 wa kila basi anasimama na kuandika jibu peke yake kwenye kipande cha katoni kwa mkaa. Hakuna kusaidiwa tena.
4. Wote wanane wanainua kwa pamoja. Jibu sahihi, visanduku 2.
5. Mwite mmoja kati ya waliopata aeleze njia. Akieleza vizuri, basi lake linaongezewa 1.

Aliyekosa, basi lake linabaki palepale. Usirudishe basi nyuma hata siku moja: mtoto aliyerudisha wenzake tisa nyuma hatasahaulika mapumzikoni.

Kopo ndilo moyo wa mchezo. Kwa kuwa hakuna ajuaye nani atasimama, yule hodari hana faida ya kukaa na jibu lake. Lazima amfundishe jirani, tena haraka, tena kwa lugha ya kitoto ambayo wewe na mimi tumeshaisahau. Utamsikia akisema, "Sita mara saba si unajua sita mara sita ni thelathini na sita? Ongeza sita!" Usiingilie.

Namba ikimwangukia asiyekuwepo shuleni, wa namba inayofuata anasimama.

Kwa kipindi cha dakika 40 utapata mizunguko saba au minane, si zaidi. Kwa hiyo mabasi hayafiki Mwanza siku hiyo, na ndivyo inavyotakiwa. Kengele ikilia, basi linalala njiani. Watu wa Gairo watawacheka wa Chalinze, na wa Chalinze watakwenda nyumbani wakikariri.

Hatua ya 5: Mizani

Basi la kwanza likigusa mizani, linasimama hapo. Kipindi kinachofuata kinaanza kwa upimaji wa darasa zima. Mabasi ya nyuma yanapimwa huko huko yalipo, kwa mizani ya kuhamishika. Maswali 10, dakika tano, kila mtu peke yake. Mabasi yabadilishane karatasi kusahihisha.

Sasa hesabu: katika kila basi, ni wangapi wamevuka alama zao bora za zamani, au wamepata 10 kati ya 10? Kila watu wawili wa namna hiyo wanalipa basi kisanduku kimoja. Basi zima likipanda linapata visanduku 5, zaidi ya mzunguko wowote wa kawaida.

Fikiria maana yake. Aliyepata 9 ana nafasi ya kupanda alama moja tu. Aliyepata 2 ana nane mbele yake, na anaweza kulilipia basi mizani zote tatu. Ghafla wenzake wanamfuata yeye asubuhi kabla ya mstari.

Wajanja watajaribu kukosa makusudi leo ili wapande kesho. Ndiyo maana jaribio la kwanza lilikuwa bila taarifa, na ndiyo maana kipimo ni alama bora kuliko zote za mtoto huyo, si za mara ya mwisho. Akishuka makusudi hajapata kitu.

Hatua ya 6: Wakifika

Basi la kwanza kufika Mwanza usilipe madaftari wala pipi. Watu wake wanageuka mafundi: wanagawanyika kwenye mabasi yaliyobaki, wanasaidia dakika ya kunong'onezana, lakini hawasimami kujibu. Pia ndio wanaochagua njia inayofuata. Tanga hadi Arusha inapendwa kwa sababu ya Same na Moshi.

Basi likiachwa mbali sana, angalia kwanza kopo kabla ya kuangalia watoto: huenda namba zile zile zimejirudia. Namba iliyotoka ikae nje mpaka zote kumi ziishe.

Kwa Darasa la Sita

Barabara ile ile inabeba desimali. Anza na mbio za kweli: mwaka 2025 jijini Tokyo, Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya marathoni ya dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimzidi Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03. Waulize mabasi: je, 0.03 ni kubwa au ndogo kuliko 0.3? Kisha wageuze muda wake kuwa sekunde, 7,788, wagawe mita 42,195 kwa hizo, wapate kama mita 5.4 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.03. Kwa mwendo huo wa wastani pengo ni sentimita 16 hivi, na hapo kila mtu atoe rula yake apime kwenye dawati.