Mtoto anaumwa, vipimo havionyeshi kitu: mambo ya kuzingatia kabla ya kukutana na jopo la wataalamu

Kabla ya yote, mwamini mtoto. Tumbo linalosokotwa na hofu linauma kweli, kwa sababu ubongo na utumbo vimeunganishwa na neva zinazopeleka taarifa huku na huko. Mtoto akihisi anadhaniwa anaigiza, atatumia muda wote wa daktari kujitetea.

Anza kuandika kumbukumbu wiki kadhaa kabla. "Tumbo linamsumbua sana" haitoshi. Andika: "Jumatatu saa 12 asubuhi, kabla ya shule, amejikunja kitandani, saa 4 anacheza." Usiruke wikendi na likizo. Vigezo vya Rome IV vya mwaka 2016, ambavyo madaktari huvitumia kutambua matatizo ya tumbo yasiyoonekana kwenye vipimo, vinataka maumivu ya tumbo ya aina hii yawe yametokea angalau mara 4 kwa mwezi kwa miezi 2, na hilo huwezi kulijibu kwa kukisia. Kama mtoto huanguka na kutetemeka, mrekodi kwa simu tangu mwanzo, uso uonekane: macho kufumba au kuwa wazi humsaidia daktari kutofautisha kifafa na mishtuko isiyo ya kifafa.

Kuna dalili za kutaja hata usipoulizwa: kupungua uzito, kudumaa, damu kwenye choo, homa isiyokwisha, kutapika mara kwa mara, maumivu yanayomwamsha usiku. Hizi huelekeza uchunguzi kwingine.

Beba majibu yote ya zamani, pamoja na taarifa ya mahudhurio shuleni. Kipimo kinachorudiwa bila sababu humfundisha mtoto kwamba ana ugonjwa uliojificha.

Ninalolisisitiza zaidi ni hili: omba mwanasaikolojia awepo tangu siku ya kwanza, bega kwa bega na daktari wa watoto. Akiitwa mwishoni, baada ya vipimo vyote kutoka safi, familia huona imetupwa, na mara nyingi haimsikilizi tena. Wala utambuzi mzuri hausimami juu ya "hatukuona kitu". Zipo ishara zinazoonekana. Chukua mtoto aliyelegea mguu mmoja. Amelala chali, akiambiwa aukandamize kitandani hawezi. Akiambiwa ainue ule mzima huku daktari akiuzuia kwa mkono, mguu uliolegea unakandamiza kwa nguvu. Njia za fahamu ni nzima, ila amri ya hiari haipiti vizuri. Mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kumwonyesha mtoto jambo hilo, likawa mwanzo wa mazoezi.

Mwandae mtoto pia kuzungumza na mtaalamu peke yake, nawe ukubali kutoka nje. Kuonewa au kudhalilishwa hakusemwi kirahisi mbele ya mzazi.

Kabla ya kuondoka, uliza nani anaongoza jopo, na hakikisha daktari, muuguzi na mwanasaikolojia wamempa mtoto maelezo yaleyale, kwa maneno ambayo yeye mwenyewe anaweza kuyarudia.