Mtoto mwenye sikoseli: dua, dawa na kikao cha ukoo

Siku majibu yanapotoka kwamba mtoto ana sikoseli (selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi), dawa huanza siku hiyohiyo. Kikao cha familia nacho kisivuke wiki, maana huku Mtwara na Lindi kinachovunja nyumba mara nyingi ni lile swali la "nani kaleta". Mwiteni mjomba. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wamwera, ambao kwa jadi ukoo hufuata upande wa mama, asipoelezwa yeye mapema mtakuwa mnaanza upya kila mtoto akilazwa. Mama mkwe naye awepo mwenyewe, asije kusimuliwa.

Elezeni kwa punje. Baba afumbate mbaazi moja na choroko moja, mama vilevile. Mbaazi ni kinasaba kizima, choroko ni cha sikoseli. Mtu achomoe punje moja kwa baba na moja kwa mama bila kuangalia. Zikitoka choroko mbili, huyo ndiye mtoto mgonjwa. Rudieni mara nyingi mpaka waone: kila mimba uwezekano ni robo, na choroko ya pili haikutoka kwa mama peke yake. Hapo habari ya mchawi haina pa kukaa, na msimsomee jirani Albadiri (kisomo cha kumlaani mtu) kwa jambo lililotoka kwenye viganja vyenu wawili. Kabla ya kutawanyika, andikeni ndugu wa kuchangia damu: umri 18 hadi 65, uzito kuanzia kilo 50, mwanamume kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4.

Dawa ifungeni na sala. Penisilini V hutolewa mara mbili kwa siku, miligramu 125 chini ya miaka 3, miligramu 250 toka 3 hadi 5. Ya kwanza baada ya Alfajiri, ya pili baada ya Magharibi, au sala ya asubuhi na rozari ya jioni. Foliki (asidi ya foliki) mara moja kwa siku, kama ilivyoandikwa na daktari. Dozi inayopotea ni ya jioni, mama akichelewa shamba, basi awepo mwingine anayejua chupa ilipo. Anayetaka kumpa kombe (maandishi ya Qurani yaliyooshwa kwa maji ya kunywa) atumie maji yaliyochemshwa, na dawa isiachwe. Chale tunazikataa kabisa: bandama ya mtoto huyu haimlindi, na kila mkato ni mlango wa vijidudu.

Bandama ijue kwa vidole vyako akiwa mzima. Alale chali, magoti yamekunjwa. Anza chini kushoto karibu na nyonga, panda taratibu kuelekea mbavu. Kama bandama imekua, akivuta pumzi ukingo wake utagusa vidole. Weka alama kwa kalamu. Siku ikivuka alama ghafla, viganja vimepauka na mtoto amelegea, damu imenasa humo. Ni hospitali saa hiyohiyo, usingoje basi la asubuhi. Homa ikifika nyuzi 38 ni vivyo hivyo. Panado ikiishusha, bado nenda. Maambukizi yanaweza kumuua ndani ya saa chache, na dua mtaiomba njiani.

Ramadhani asifunge. Figo zake hazibani maji, na akikaukiwa, chembe za damu hujikunja na kuziba mishipa. Ndipo mifupa inapouma. Qurani (2:185) imemruhusu mgonjwa, na mtoto ambaye hajabaleghe hajafaradhishiwa. Ila kuachwa na wenzake kunamuumiza sana. Mwamshe ale daku na wote, akae mkekani wakati wa futari, mchana anywe maji yake bila kufichwa kama mkosaji. Mwalimu wake naye ajue kwamba chupa ya maji na ruhusa ya kwenda chooni ni sehemu ya matibabu.

Jando likiitishwa, asipelekwe kimyakimya. Tohara ifanyike hospitali, daktari akijua ana sikoseli na wingi wa damu umepimwa kabla. Mafunzo mjomba ampe nyumbani. Usiku avae sweta na kujifunika blanketi: baridi ya kusi ya Juni na Julai yatosha kuanzisha maumivu.