Kutoka karai la mitumba hadi chombo cha anga: namna ninavyokusanya lego za zamani Kisumu

Tangu niweke ile picha ya chombo cha anga cha buluu, inboksi yangu imejaa swali moja: ulikitoa wapi? Nilikitoa soko la Kibuye, siku ya Jumapili, ndani ya karai lililokuwa na magurudumu ya magari, mikono ya wanasesere na kifuniko cha chupa ya chai. Wakati huo hakikuwa chombo. Vilikuwa vipande vyenye mchanga, na nusu yake vilikuwa vya kitu kingine kabisa. Huku kwetu lego ya zamani, yale matofali ya plastiki ya kuchezea yanayoshikana, huja hivyo, imevunjwavunjwa na kuchanganywa ndani ya robota, kwa hiyo somo hili ni la kuirudisha pamoja. Mwenye pesa za kuagiza boksi lililofungwa kutoka Ulaya hanihitaji.

Hatua ya 1: Funza macho kwanza

Geuza tofali uangalie vile vinundu vya juu. Kwenye lego halisi kila kinundu kina neno LEGO, dogo lakini linasomeka. Kama hakuna, weka kando, usitupe; nitalirudia kwenye maswali. Ndani ya tofali mara nyingi utakuta namba ya umbo: 3001 ni lile la vinundu 2 kwa 4, 3003 ni la 2 kwa 2. Matofali ya zamani sana hayana namba hiyo.

Pili, tazama rangi ya kijivu. Hii ndiyo kalenda yangu. Kijivu cha zamani kina joto kidogo, kama jivu la kuni. Kuanzia mwaka 2004 kampuni ilikibadilisha kikawa na ubuluu ndani yake, kama anga kabla ya mvua. Weka viwili hivyo kando kwa kando mara moja tu, hutavichanganya tena. Karai likiwa na kijivu cha jivu, inama.

Tatu, vijitu. Vya kwanza vyenye mikono na miguu inayosogea vilitoka 1978, na kwa zaidi ya miaka kumi vyote vilikuwa na uso mmoja: nukta mbili na tabasamu. Nyuso za ndevu na viraka vya macho zilikuja na maharamia mwaka 1989. Mwanaanga mwenye picha ya dhahabu ya sayari kifuani ni wa kundi la anga lililoanza hiyo hiyo 1978. Wekundu na weupe ndio wakubwa kwa umri, wa manjano walifuata 1979, wa buluu na weusi 1984.

Hatua ya 2: Nunua karai zima

Kosa la wengi ni kuchagua. Ukianza kuokota kimoja kimoja kizuri, muuzaji naye si kipofu. Anaona mkono wako unakwenda wapi, na ghafla kila kipande kina bei. Wale wa kamera, yaani wachaguzi wa kwanza wanaowahi robota likifunguliwa asubuhi, wanatafuta magari ya chuma na wanasesere wenye nywele. Vipande vidogo vya plastiki hawavitaki. Waache wamalize.

Mama niliyenunua kwake aliniuliza, "Nyathina (mwanangu), hizi ni za mtoto wa miaka mingapi?" Nikamwambia, "Mtoto ndiye mimi, mama." Alicheka hadi jirani yake akageuka. Tukamalizana kwa mia sita na karai akabaki nalo.

Hatua ya 3: Panga kwa umbo, si kwa rangi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu hukata tamaa.

Kila anayeanza hupanga kwa rangi, kwa sababu inapendeza: rundo jekundu, rundo jeupe, rundo la buluu. Kisha unatafuta kibapa, kile kipande chembamba, cha buluu cha vinundu 1 kwa 2 ndani ya vipande mia tatu vya buluu, na macho yanachoka kabla hujakipata. Umbo hujificha rangi zote zikifanana. Fanya kinyume. Weka bapa za 1 kwa 2 zote pamoja, za rangi zote. Ukitaka ya buluu, inaruka yenyewe kati ya nyekundu na nyeupe. Mimi hutumia trei za mayai kwa vipande vidogo na makopo ya siagi kwa vikubwa. Magurudumu peke yake, vioo peke yake, matofali ya mteremko peke yake.

Halafu tenga kikopo kimoja kwa kila kipande kilichochapishwa kitu: maandishi, saa, nembo, kompyuta. Kikopo hicho usikiguse bila kunawa mikono. Mle ndimo mlimonipa jibu. Nilikuwa na matofali ya buluu, bapa za mabawa za kijivu cha zamani na vioo vya manjano vinavyopitisha mwanga, lakini hayo yapo kwenye seti nyingi za anga. Jioni ya tatu nikageuza tofali jembamba lililokuwa na matope, nikalipangusa kwa kidole gumba, likatokea: LL928. Wale wa zamani walikuwa wakiandika namba ya seti kwenye ubavu wa chombo. Seti 928, mwaka 1979, iliyouzwa Marekani kwa namba 497 na jina Galaxy Explorer. Watu wa LEGO wenyewe wanaikumbuka. Mwaka 2022 walitoa toleo jipya la heshima, lenye namba 10497.

Nilimwamsha mke wangu. Hakufurahi.

Hatua ya 4: Osha kwa maji ya vuguvugu tu

Kampuni husema yasizidi nyuzi 40. Mimi sikusikia. Mara ya kwanza nilimwaga maji ya birika moja kwa moja kwenye beseni, nikiwaza habari za vijidudu, na bapa zangu ndefu zikatoka zimejikunja kama chapati zilizosahaulika kwenye kikaango. Hazikurudi.

Siku hizi natia vipande kwenye ule mfuko wa neti wa vitunguu, nafunga, nachovya kwenye maji yenye sabuni ya sahani, natikisa, nasuuza mara mbili. Vilivyochapishwa na vyenye stika navipangusa kwa mkono, bila brashi. Mota na vipande vya umeme haviingii majini kabisa. Anika kivulini juu ya taulo. Si kwenye mabati, si kwenye ua saa sita mchana! Jua letu la hapa karibu na mstari wa ikweta ndilo litakalogeuza nyeupe yako kuwa rangi ya meno ya mvutaji.

Hatua ya 5: Tafuta maelekezo na uhesabu mapengo

Ukishajua namba ya seti, andika namba hiyo na neno LEGO mtandaoni, utapata picha za kijitabu na orodha ya vipande. Hakuna namba? Tafuta kwa kipande chako cha ajabu zaidi: mlango, bendera, kioo cha umbo la kipekee. Tovuti ya BrickLink, iliyoanzishwa mwaka 2000 na kununuliwa na LEGO mwaka 2019, huonyesha kila kipande kilitumika kwenye seti zipi. Kipande kilichotumika kwenye seti tatu tu kina thamani kwako kuliko matofali mia ya kawaida.

Jenga kwa unachonacho. Pengo likitokea, weka tofali la rangi yoyote mahali pake na uendelee, ili orodha ya upungufu ijiandike yenyewe. Mimi nilipungukiwa na vipande 41, sahani ya msingi yenye mashimo ya kreta, na mwanaanga mmoja mweupe. Kati ya watatu nilio nao, mmoja helmeti yake imepasuka kidevuni. Helmeti za enzi hizo zilikuwa nyembamba pale, karibu zote hupasuka. Nimemwacha hivyo.

Hatua ya 6: Kuhifadhi

Kabati lenye mlango, mbali na dirisha. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi wa Kaptembwo: Hapa Nakuru nimepata matofali yanayoingiana na lego vizuri lakini vinundu havina maandishi. Ni feki?

*Jibu:* Huenda ni ya kampuni nyingine tu, si lazima yawe ya wizi. Tena tusisahau kwamba wazo lenyewe lilianzia kwingine. Mwingereza Hilary Fisher Page alikuwa akiuza matofali ya kushikana kupitia Kiddicraft kabla ya LEGO kutoa yao mwaka 1949. Kilichofanya la LEGO lishike hivi linavyoshika ni mirija ya ndani, iliyoombewa hataza tarehe 28 Januari 1958. Kwa seti ya zamani usiyachanganye. Kwa mtoto, mpe acheze.

Mama Pacha, Kakamega: Mwalimu, nyeupe yangu imeshakuwa ya manjano. Nimesikia kuna dawa ya saluni.

*Jibu:* Ipo, mama. Ni haidrojeni peroksaidi. Ya duka la dawa ni asilimia 3, ya saluni iliyoandikwa 20 volyumu ni asilimia 6 hivi. Zamisha vipande kwenye ya maji, si ya krimu, maana krimu huacha mabaka. Weka kwenye chombo cha kioo nje, geuza kila saa, toa rangi inaporudi. Vaa glavu na ulinde macho, na watoto wasikaribie. Jua ndilo linaloamsha dawa, kwa hiyo hapo tu nakubali kulitumia. Lakini manjano huweza kurudi baada ya miaka. Vilivyochapishwa mimi sivitii.

Omera_Nyalenda: Ndugu, vile vipande 41 uliagizaje bila kufilisika? Nikiangalia nauli ya posta inazidi kipande mara kumi.

*Jibu:* Sikuviagiza vije hapa moja kwa moja. Tafuta muuzaji mmoja mwenye vipande vyako vingi, hata kama kila kimoja ni ghali kidogo, kuliko wauzaji sita wa bei rahisi wenye nauli sita. Kisha vitume kwa mtu wako aliye huko ng'ambo. Binamu yangu anaishi Uingereza, vilikaa kwake miezi minne hadi alipokuja mazishini. Vilikuja ndani ya soksi.

Kijana wa Bungoma: Natenganisha bapa mbili zilizogandana kwa meno. Kuna njia nyingine?

*Jibu:* Acha! Alama ya meno haifutiki, na ndiyo kitu cha kwanza mnunuzi hukiona. Kuna kifaa cha plastiki cha kutenganishia, huja bure kwenye seti nyingi mpya, mwombe mwenye watoto. Usipokipata, bandika tofali refu juu na lingine chini, uvute kama unafungua mdomo wa kasuku.

Baba Taji: Kaka, nina mtoto wa miaka miwili na karai kama lako. Naweza kumpa?

*Jibu:* Hapana, ndugu. Kichwa cha kijitu kinaingia kooni. Mtafutie DUPLO, ile kubwa mara mbili kila upande. Uzuri wake inashikana na hizi ndogo, kwa hiyo akikua hutupi kitu. Karai liweke juu ya kabati.

Mama Pacha, Kakamega: Na yule mwanaanga wa nne ulimpata?

*Jibu:* Bado. Jumapili nipo Kibuye.