Unapaka krimu ya kansa ya ngozi? Tafuta mwenzio kabla wiki ya pili haijakukuta

Mie niko Ngamiani hapa Tanga, nina ualbino, na mwaka juzi kale kagamba ka kwenye paji la uso kalikokuwa kanabanduka kanarudi, kanabanduka kanarudi, nikakapeleka hospitali wakakata kinyama kidogo wakapima, majibu yakaja ni kansa ya ngozi ila iko juu juu, haijazama. Dawa yake krimu. Nikashukuru Mungu, si kisu si mionzi. Nikapewa tyubu, paka asubuhi na jioni wiki tatu mpaka nne, haya mwingine aingie. Basi. Hakuna aliyeniambia uso utakuwaje huko katikati.

Siku ya 12 nilikuwa kama mtu aliyemwagiwa uji wa moto. Pale penye gamba pamechubuka, halafu pembeni yamezuka madoa mengine mekundu matatu ambayo mie sikuwahi kuyaona maisha yangu, mke wangu akajua kansa imetambaa, shangazi yake naye huyo kaja na liwa ameshaisaga kabisa anasema tupa hilo lidawa. Nusura nitupe kweli. Aliyeniokoa ni kaka mmoja wa Muheza tuliyekaa naye benchi la kliniki, nilimtumia voisi saa nne usiku nalalamika, akanirudishia picha zake nne: siku ya 5, ya 12, ya 20, na ya mwezi mmoja baada ya kuacha kupaka. Ile ya siku ya 12 ni mimi kabisa. Akaniambia hayo madoa mapya ni seli zilizoharibiwa na jua zamani, zilikuwa zimejificha, krimu imezifichua. Kesho yake nikamuuliza daktari, akasema ni kweli.

Kwa hiyo tafuta mapema mtu aliyewahi kuipaka, siku ile ile unayopewa tyubu, usingoje uanze kuwaka.

Pa kuanzia ni kwa nesi wa kliniki ya ngozi. Usimwombe namba ya mgonjwa maana hatakupa na yuko sahihi, wewe mwachie yako, mwambie "sista, akija aliyemaliza krimu hii na yuko radhi, mpe anipigie." Pili, kwa wenye ualbino, kuna Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania, kipo tangu 1978 na kina matawi mikoani, ulizia la kwenu, na tarehe 13 Juni siku ya ualbino watu hukusanyika, hapo utapata hata watatu. Wanaopanda basi kwenda hospitali ya KCMC Moshi, kule kwenye kituo cha ngozi wanakotengeneza losheni ya jua ya Kilisun, wakae kwenye foleni macho wazi masikio wazi, foleni ile ni shule. Ila chagua mtu atakayedumu na wewe wiki zote, hizi habari za waja leo waondoka leo tuwaachie wageni wa mji.

Ukimpata, swali la kwanza: ulipaka ipi, na wapi? Hapa watu wanachanganyana sana. Kuna fluorourasili, wengine wanaiita faivu-efu-yu, inaua seli mbovu yenyewe, na kuna imikwimodi ambayo inaamsha kinga ya mwili ishambulie, hiyo mara nyingi ni siku 5 kwa wiki kwa wiki 6 na inaweza kukuletea uchovu na homa homa kama mafua. Sasa wa faivu-efu-yu akilinganisha siku zake na wa imikwimodi watatishana bure. Na mguu unapona polepole kuliko uso.

Halafu muulize vitu vidogo, ndo vyenye faida. Ulilalaje? Yule wangu wa Muheza alitandika leso kuukuu ya pamba juu ya mto, akawa anaifua kila asubuhi. Sokoni ulikwendaje? Kofia pana, na mtu akiuliza anajibu "dawa inafanya kazi" anapita. Nyumbani je? Anaosha mikono kila akishapaka, mkewe alikuwa mjamzito hakuigusa kabisa, na paka wa nyumbani alifukuzwa chumbani, maana faivu-efu-yu ni sumu kali kwa paka na mbwa, kwa hiyo paka asilambe ulipopaka (najua, kiswahili chetu nacho).

Mkubaliane mapema picha hazitumwi kwingine, hata kwenye grupu la wasap. Tyubu haziazimwi. Na mwenzio hana mamlaka ya kukuambia acha dawa au ongeza, ukiona usaha, homa kali, jicho linavimba au wekundu unasambaa mbali na ulipopaka, ni hospitali, usianze kuchati. Akija mtu grupuni na kikopo chake cha kuuza eti kinatuliza, mtoe, vingi ni mkorogo tu.

Mie sasa ninaye kijana wa Pangani. Juzi usiku kaniletea picha, siku ya 11, chini kaandika "kaka nakufa". Nikamtumia yangu ya siku ya 12, kisha nikampigia tukaongea mpaka bando likakata, na Jumatatu tunakutana stendi twende wote kliniki, yeye akaonyeshe uso, mie tarehe yangu ya kuangaliwa imefika.