Jinsi ya Kuomba Kuendesha Kozi Fupi ya Kazi za Mikono au Stadi za Maisha Ukiwa Mwalimu wa Kujitegemea

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kufuma, kushona, kupiga picha, kutunza bustani, kupanga bajeti ya nyumbani au kuzungumza mbele ya watu, na sasa anataka kuyafundisha kwa jina lake mwenyewe katika ukumbi wa jamii, maktaba au kituo cha mafunzo ya watu wazima. Haombi kuajiriwa. Anaomba chumba na saa zake, na hesabu za kodi zinabaki juu yake. Maombi yenyewe, ukiacha nakala za nyaraka, ni kurasa nne au tano tu. Yanapokataliwa, mara nyingi tatizo si ujuzi wa mwombaji. Tatizo ni kwamba msomaji amefika ukurasa wa mwisho bila kuona mwanafunzi ataondoka na nini mkononi.

Kwanza, hakikisha somo lako halihitaji kibali

Kufuma, kuchora au kupanga kabati hakuhitaji leseni. Lakini yapo masomo yanayofanana na burudani kumbe yana sheria zake: kuogelea, huduma ya kwanza, udereva, kukanda mwili, na upishi ambao chakula chake kitaliwa na watu wengine. Ukiwa kwenye kundi hilo, uliza mamlaka inayohusika kabla hujagusa fomu, kwa sababu kituo kitakuuliza hicho kibali kabla ya kingine chochote.

Stadi za maisha zina mitego yake. Kufundisha kupanga bajeti ni sawa. Kumwambia mwanafunzi aweke fedha zake mahali fulani ni ushauri wa uwekezaji, na kwingi kazi hiyo ina leseni yake. Kufundisha kukabili hasira ni sawa. Kuahidi kutibu msongo wa mawazo ni kujivika joho la mtaalamu wa afya. Angalia pia neno "cheti". Usiahidi cheti cha kufuzu ikiwa huna ithibati. Andika "cheti cha kuhudhuria", na uishie hapo.

Pili, tanguliza nyaraka zinazochelewa

Watu huanza na wasifu kwa kuwa ni rahisi, halafu wanakwama wiki ya mwisho wakisubiri karatasi ya polisi. Geuza mpangilio. Cheti cha tabia njema kutoka polisi mara nyingi ndicho hukawia kuliko vyote, na vituo vingi hukidai mara tu watoto au watu wazima wanaohitaji uangalizi wanapohusika. Kiombe mapema, ila si mapema kupita kiasi: wapokeaji wengi hawakubali kilichotolewa zamani. Uliza kwanza kisizidi umri gani, ndipo uhesabu kurudi nyuma.

Baada ya hicho, kusanya kitambulisho, namba ya mlipakodi, na hati ya usajili wa jina la biashara kama utafundisha kwa jina lisilo lako. Kisha bima ya dhima: ile inayolipa pale mwanafunzi anapoumia au mali ya ukumbi inapoharibika ukiwa unafundisha. Soma orodha ya yasiyofidiwa. Bima ya mwalimu wa kawaida huweza kuacha nje vitu vya moto, visu na mashine, na ukifundisha kuchonga mbao au kutengeneza mishumaa, hivyo ndivyo hasa unavyovihitaji.

Kosa linalorudisha majalada mengi ni dogo sana: majina hayalingani. Kitambulisho kina majina matatu, cheti kina mawili, akaunti ya benki ina herufi ya kwanza tu. Chagua mpangilio mmoja, ule wa kitambulisho, na uutumie kila mahali. Kama jina lilibadilika kwa ndoa au sababu nyingine, ambatisha hati inayothibitisha badiliko hilo hata kama hujaombwa.

Tatu, ukurasa wa maelezo ya kozi

Hapa ndipo muda wako uende. Wasifu husomwa kwa haraka; ukurasa huu husomwa kwa kalamu mkononi.

Anza na sentensi moja ya matokeo. "Mwanafunzi atajifunza misingi ya kufuma" haisemi kitu. "Baada ya vipindi 6 vya saa 2, mtu ambaye hajawahi kushika sindano za kufumia atakuwa amemaliza skafu ya upana wa sentimita 12 na ataweza kurekebisha kitanzi kilichodondoka" inasema yote: nani, muda gani, nini. Kwa stadi za maisha fanya vivyo hivyo, hata kama matokeo hayashikiki: "ataondoka na bajeti ya mwezi mmoja aliyoijaza kwa namba zake mwenyewe". Na hapo ongeza kwamba hakuna atakayetakiwa kutaja kipato chake mbele ya wenzake. Zoezi la pamoja litatumia kaya ya mfano. Sentensi hiyo moja humwonyesha msomaji kuwa umeshawaza yatakayotokea chumbani.

Halafu vunja kipindi cha kwanza kwa dakika. Kipindi hicho tu. Vilivyobaki vitoshe mstari mmoja mmoja. Kwa kufuma, dakika 120 zinaweza kugawanywa hivi: 10 za kupokea watu na kuandika majina, 10 za kuonyesha, 40 za kuanzisha vitanzi 20, 10 za mapumziko, 40 za kufuma mistari ya kwanza, 10 za kukusanya vifaa na kueleza kazi ya nyumbani. Anayejua kufuma huanzisha vitanzi 20 kwa muda mfupi sana, ndiyo maana wengi huandika dakika 10 na kipindi kinawafia mikononi. Vidole visivyozoea huvunja na kuanza upya mara tatu au nne.

Orodha ya vifaa iwe na vipimo na sababu: sindano za milimita 5, za mbao au mianzi kwa kuwa vitanzi havitelezi kama kwenye chuma, uzi wa unene wa kati, wa rangi nyepesi, kwa kuwa kwenye uzi mweusi mwanafunzi haoni kitanzi kinaanzia wapi. Chini yake andika makosa unayoyatarajia na namna utakavyoyashughulikia. Mfano: aliyeanza na vitanzi 20 anajikuta na 24 kufikia mstari wa sita, kwa sababu uzi umevutwa juu ya sindano mwanzoni mwa mstari na kitanzi kimoja kikaonekana viwili, kisha akavifuma vyote. Dawa: uzi ubaki chini ya sindano unapogeuza kazi, na kila mmoja ahesabu mwisho wa kila mstari. Mfano mwingine: vitanzi vya kuanzia vimekazwa hadi sindano haipiti; waanzishe juu ya sindano mbili zilizoshikwa pamoja, kisha wachomoe moja. Aya fupi kama hii inathibitisha ujuzi wako kuliko vyeti vitano.

Idadi ya wanafunzi usiikisie. Ikiwa kila mmoja atahitaji dakika 3 za kusaidiwa peke yake, watu 10 wanakula dakika 30 katika zile 40 za mazoezi. Watu 14 wanakula 42, yaani wa mwisho hujamfikia na muda umekwisha. Kwa kazi za mikono kwa wanaoanza, 8 hadi 10 ni kiwango cha busara. Takriban mtu mmoja kati ya kumi hutumia mkono wa kushoto, hivyo tarajia mmoja darasani: akikaa kukutazama uso kwa uso, atakufuata kama anavyojitazama kwenye kioo. Liandike hilo pia.

Mwisho wa ukurasa, mahitaji ya chumba: viti visivyo na mikono kama viwiko vinahitaji nafasi, mwanga, soketi ngapi, sinki au la, na kama kuna mahali pa kufungia vifaa. Ukilisahau hilo la mwisho utabeba mifuko kila wiki.

Nne, hesabu

Vituo hutumia njia mbili: unakodi chumba na ada yote ni yako, au kituo kinakata asilimia. Fomu hukuuliza unataka ipi, na wengi huchagua bila kupiga hesabu. Tuzipige hapa bila sarafu yoyote.

Vipindi 6, chumba 10 kwa kipindi, nauli 2 kwa kipindi. Gharama isiyobadilika ni 72. Ada 20 kwa mtu, na ndani yake vifaa 5. Kila mwanafunzi anakuachia 15, kwa hiyo 72 kugawanya kwa 15 ni 4.8: watu 5 ndipo huli hasara. Lakini hapo hujajilipa. Saa 2 za kufundisha na saa 1 ya kuandaa, mara 6, ni saa 18. Ukitaka 4 kwa saa unaongeza 72 nyingine, na sasa unahitaji watu 10.

Kwa mgao, kituo kikikata asilimia 40, kodi ya chumba haipo, unabaki na nauli 12. Ada ya 20 inakuachia 12, ukitoa vifaa 5 zinabaki 7. Watu 2 wanatosha kufidia nauli. Kujilipa kwa kiwango kilekile kunahitaji watu 12. Ukilinganisha, hadi watu 7 mgao una nafuu kwako, kuanzia 8 kukodi ndiko kunalipa. Kwa hiyo kozi ya kwanza, ambayo hujui watakuja wangapi, chukua mgao.

Ila kuna jambo ambalo watu hulikosa: asilimia ikikatwa kwenye ada yote, kituo kinakata hadi fedha ya vifaa uliyolipa wewe. Omba ada iandikwe 15 na vifaa 5 kando. Asilimia 40 ya 15 ni 6, unabaki na 9 badala ya 7. Kwa watu 12 hiyo ni tofauti ya 24, na kuipata ni kuandika mstari mmoja tu kwenye fomu.

Tano, kuwasilisha na somo la majaribio

Unganisha kila kitu katika faili moja la PDF kwa mpangilio huu: barua ya nusu ukurasa, ukurasa wa kozi, wasifu wa ukurasa mmoja, picha tatu hadi tano za kazi yako, nakala za nyaraka, na majina ya watu wawili wanaoweza kuulizwa habari zako, ambao umewaomba ruhusa. Mmoja wao awe aliyewahi kukuona ukifundisha, hata kama ulifundisha majirani. Faili liitwe kwa jina lako na la kozi, si "maombi mapya 2". Picha zipunguzwe ukubwa; baruapepe nzito hurudi, nyingine hupotea bila taarifa. Uliza tarehe ya mwisho mapema, kwa kuwa ratiba za muhula hufungwa muda mrefu kabla ya muhula kuanza.

Ukiitwa kwa somo la majaribio utapewa pengine dakika 15 au 20. Usieleze historia ya ufumaji. Wape vifaa mkononi ndani ya dakika 5 za mwanzo, chagua tendo moja dogo linaloweza kumalizika, na mtu akikosea usimnyang'anye kazi ukaimalizia wewe. Wanaokutathmini wanaangalia hilo la mwisho kuliko unavyodhani.

Sita, kabla ya kutia sahihi

Tafuta haya kwenye mkataba: idadi ya chini ya wanafunzi na siku ambayo kozi hufutwa isipofikiwa, nani anarudisha ada, nani anabeba hasara ya vifaa ulivyokwisha kununua, na ukiugua kipindi kinafidiwa vipi. Vifaa vinunuliwe baada ya siku hiyo ya uamuzi, si kabla. Kifungu kinachokuzuia kufundisha kwingine kiombe kipunguzwe kiwe cha somo hilohilo, kwa muda wa kozi tu. Mwalimu wa kujitegemea aliyefungwa kwa kituo kimoja amekuwa mwajiriwa asiye na mshahara. Picha za wanafunzi zihitaji idhini yao ya maandishi, na ya wazazi kwa watoto. Darasa la watoto liwe na mtu mzima wa pili, na mlango wenye kioo au ulioachwa wazi.

Ukikataliwa, uliza swali moja: ni nafasi, ni somo linalofanana na la mwingine, au ni nyaraka? Nafasi ikiwa ndiyo sababu, omba uwekwe kwenye orodha ya akiba, maana walimu hujitoa dakika za mwisho. Somo likigongana, badilisha kiwango au wanaolengwa, si jina peke yake.

Ukikubaliwa, tunza daftari la mahudhurio na stakabadhi za kila ulichonunua, kwa tarehe. Hizo ndizo utakazozihitaji kwenye hesabu za kodi. Karatasi ya maoni igawe kipindi cha nne, usingoje cha sita, kwa sababu maombi ya muhula unaofuata mara nyingi hufungwa kabla kozi yako haijaisha.