Namna ya Kuithibitisha na Kuitumia Kingamwili ya Aromatasi Maabarani

Kichupa cha kingamwili dhidi ya aromatasi hufika Dar es Salaam baada ya safari ndefu ya ndege, ukaguzi wa forodha na foleni ya Barabara ya Nyerere, nacho huwa na maikrolita mia moja tu au chini ya hapo. Kabla hujakitumia kwa sampuli yenye thamani, kitilie shaka. Lebo hueleza kile ambacho mtengenezaji anatarajia kingamwili ikishike; kile inachokishika kweli kwenye tishu zako, zilizohifadhiwa kwa formalini yako, ni kazi yako kukithibitisha, na hilo ndilo litakalozungumzwa hapa.

Aromatasi ni kimeng'enya kinachogeuza androstenedioni kuwa estroni, na testosteroni kuwa estradioli. Jini lake, CYP19A1, liko kwenye kromosomu ya 15, na protini yenyewe ina asidi amino 503, ikiwa imejikita katika utando wa retikulamu ya endoplazimu, yaani mtandao wa vitando ulio nje ya kiini cha seli. Kwa hiyo rangi ya kahawia unayoitafuta, inayoonyesha mahali kingamwili iliposhika, lazima ionekane kwenye saitoplazimu, yaani sehemu ya seli iliyo nje ya kiini. Kiini cha seli kikigeuka kahawia, usifurahi. Jambo jingine linalotusaidia ni kwamba, ingawa kila tishu huliwasha jini hili kwa njia yake, protini inayotengenezwa ni ileile. Ndiyo maana kondo la nyuma, ambalo lina aromatasi kwa wingi, linaweza kutumika kama kidhibiti chanya, yaani tishu ya kulinganishia inayojulikana kuwa na protini hiyo, hata kama utafiti wako ni wa uvimbe wa titi.

Siku kichupa kinapofika, andika namba ya toleo, kizungushe kidogo kwenye sentrifuji ili matone yaliyonata kwenye kifuniko yashuke, kisha ugawe kingamwili katika virija vya maikrolita 10 na kuvihifadhi katika nyuzi 20 chini ya sifuri, isipokuwa karatasi ya maelekezo iwe imeagiza nyuzi 4. Friza inayojiyeyusha barafu yenyewe haifai, kwa kuwa hupasha na kupoza mara kwa mara, na kugandisha na kuyeyusha huko ndiko kunakoidhoofisha kingamwili. Niliwahi kupokea kichupa kilichoshinda mwisho wa juma mzima nje ya jokofu kikisubiri kibali. Rangi ilitoka, lakini hafifu, na nisingeligundua hilo kama nisingekuwa na slaidi ya toleo lililotangulia ya kulinganisha.

Kondo la nyuma lipatikane kwa ridhaa ya mama na kwa kibali cha maadili ya utafiti. Likate vipande visivyozidi unene wa milimita 5, uvitie katika formalini ya asilimia 10 yenye bafa, ujazo wake ukiwa mara kumi ya tishu, kwa saa 24 hivi. Formalini iliyochacha huacha chembe za kahawia iliyokolea ambazo mtu asiye mzoefu hudhani ni matokeo. Kwetu sisi wa pwani kuna mtego wa pili, ambao miongozo iliyoandikwa kwa nchi zisizo na malaria huupita kimya: kondo la mama aliyeugua malaria huweza kuwa na hemozoini, yaani mabaki yanayoachwa na vimelea vya malaria, nayo pia ni ya kahawia. Dawa yake ni kuweka kando slaidi moja isiyotiwa kingamwili wala rangi ya kahawia na kuitazama kwanza. Chembe zilizomo humo hazikuletwa na kingamwili.

Tishu ikiwa imeshatiwa katika nta ya parafini, kata vipande vya mikromita 4, vikaushe kwenye slaidi kwa nyuzi 60 kwa saa moja, ondoa parafini kwa zailini, kisha rudisha maji kwa ethanoli inayopunguzwa ukolezi hatua kwa hatua. Fichua antijeni, yaani sehemu ya protini inayoshikwa na kingamwili, katika bafa ya sitreti ya pH 6.0 kwa nyuzi 95 hadi 98, dakika 20, halafu acha ipoe dakika 20 nyingine. Rangi ikiwa hafifu, jaribu bafa ya Trisi na EDTA ya pH 9.0. Umeme ukikatika katikati ya hatua hii, tupa slaidi hizo uanze upya, kwani dakika za kufidia hazitabiriki. Zuia peroksidasi ya asili, yaani kimeng'enya cha tishu yenyewe kinachoweza kutoa rangi ya kahawia bila kingamwili, kwa haidrojeni peroksidi ya asilimia 3 kwa dakika 10, jambo lisiloepukika kwenye kondo lililojaa damu, kisha funika tishu kwa seramu ya kuzuia mshikamano usiotakiwa.

Hapo ndipo kingamwili inapojaribiwa. Izimue kwa 1:50, 1:100, 1:200, 1:400 na 1:800, kila kiwango kwenye slaidi ya kondo na kwenye slaidi ya tishu isiyotarajiwa kuwa na aromatasi, uziache usiku kucha katika nyuzi 4 ndani ya kisanduku chenye unyevu. Asubuhi zisafishe, weka kingamwili ya pili ya aina ya polima, ambayo huishika ile ya kwanza na kubeba peroksidasi, kwa dakika 30, kisha diaminobenzidini, ambayo peroksidasi huigeuza kuwa kahawia, kwa dakika 5, na umalizie kwa hematoksilini, rangi ya buluu ya viini vya seli. Napendelea polima kuliko mfumo unaounganisha peroksidasi kwa vitamini iitwayo biotini, kwa kuwa kondo lina biotini yake lenyewe. Usitie azaidi ya sodiamu katika bafa zinazogusana na peroksidasi, maana huizima.

Kiwango cha kuchagua si kile kilichotoa rangi nzito kuliko vyote. Chagua kile ambacho tabaka la nje la vidole vya kondo, yaani sinsishiotrofoblasti, limekolea waziwazi huku tishu hasi ikibaki safi. Kila mara ongeza slaidi isiyowekwa kingamwili ya kwanza, na nyingine yenye imunoglobulini (kingamwili) ya kawaida ya aina ileile ya mnyama aliyetoa kingamwili yako, kwa ukolezi uleule. Ukiwa na vifaa vya kutenganisha protini kwa jeli, tafuta mstari wa kilodaltoni 55 hadi 58 (kipimo cha uzito wa protini) kwenye protini za kondo au za JEG-3, seli za saratani ya kondo zinazooteshwa maabarani; mistari mingi ya ukubwa tofauti ni sababu ya kutosha ya kubadili kingamwili.

Kuhusu joto, "joto la chumba" katika maelekezo mengi ni nyuzi 20 hadi 25. Mwezi Februari, kiyoyozi kikizimwa, chumba chetu hupita 30, rangi hutokea upesi mno na kingo za slaidi hukauka. Kahawia iliyokusanyika ukingoni peke yake ni ya ukavu, isihesabiwe. Tumia saa, na slaidi zote za siku moja zipewe dakika sawa.

Katika uvimbe wa titi, rangi inaweza kuonekana kwenye seli za saratani, kwenye tishu unganishi au kwenye mafuta, kwa hiyo andika kila eneo kivyake. Matokeo haya ni ya utafiti, yasiingizwe katika ripoti ya mgonjwa: uamuzi wa kutumia anastrozole au letrozole, dawa zinazozuia aromatasi, huongozwa na kipimo cha vipokezi vya estrojeni na hali ya ukomo wa hedhi. Toleo jipya la kingamwili likifika, lijaribu sambamba na la zamani kwenye kondo lilelile, kabla kirija cha mwisho cha zamani hakijaisha.